Kadi Utanunua Mara Moja, Ukoo Wake Utaishi Nao

Mdogo wangu, kabla hujazitoa hizo hela mfukoni, kaa hapa kidogo tuongee. Najua umeshaangalia video za watu wakisifia kadi zao za grafiki. Umeona gemu linavyokimbia, umeona Blender inavyotema picha, na moyo umeshahama. Sikulaumu. Ila wengi wa hao unaowaangalia wanatumia Windows, na kompyuta yako wewe ina Linux. Hapo ndipo wadogo zangu wengi mnapoumia. Mnanunua kadi kwa jina lililoandikwa kwenye boksi, halafu mnakuja kwangu mna machozi, hela imekwenda, na mnajiona wajinga. Si ujinga. Hakuna aliyewaketisha chini akawaambia mapema, basi.

Nianze na swali ambalo huwa hampendi niulize: unataka kadi ya nini? Kama kazi yako ni kuandika, kujifunza kutengeneza programu, kuperuzi na kuangalia filamu jioni, kadi unayo tayari. Prosesa nyingi za Intel zina grafiki ndani yake, isipokuwa zile ambazo jina lake linaishia na herufi F, na nyingi za Ryzen zenye herufi G mwishoni zinayo pia. Draiva za hizo grafiki zimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux yenyewe, hazikudai kitu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mara nyingi kinachoifanya hiyo mashine ijivute si grafiki, ni ramu ya GB 4 na ile diski ya kuzunguka ya zamani. Weka SSD, ongeza ramu, uone kama hujaipenda upya. Najua hukuja kuambiwa hivyo, na uso umeshaukunja, lakini mimi dadako siwezi kukuacha ununue kadi ya kuangalizia YouTube.

Haya, tuseme kweli unaihitaji. Unacheza gemu, unahariri video za harusi, unarenda michoro ya wateja. Basi shika hili kuliko mengine yote: kuchagua kadi ya grafiki ya Linux ni sawa na kuoana, humchukui mtu peke yake, unachukua na ukoo wake. Ukoo wa kadi ni draiva, yaani programu inayoiongoza kadi ichore nini, pamoja na watu wanaoiandika na tabia yao ya kuitunza au kuitelekeza. Kadi inaweza kuwa nzima kabisa, feni inazunguka, taa inawaka, lakini draiva ikishatupwa na wenyewe umebaki na chuma. Kwa hiyo usiniulize kadi ipi ina nguvu. Niulize ukoo wake ukoje.

Ukoo wa AMD ndio ninaowaelekeza wengi wenu. AMD iliinunua ATI mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikaanza kutoa nyaraka za kadi zake ili watu wa Linux waandike draiva wakiwa wanaona wanachofanya. Mwaka 2015 draiva ya amdgpu ikaingia kwenye kerneli toleo la 4.2. Sehemu iliyobaki iko Mesa, ule mradi alioanza kuuandika Brian Paul mwaka 1993, na Mesa inakuja pamoja na Ubuntu yako, Mint yako, Fedora yako. Maana yake kwako ni nini? Unachomeka kadi, unawasha, inawaka. Hakuna cha kupakua, bando lako halijaguswa, hakuna usiku wa kunakili amri usizozielewa. Halafu kuna Valve, kampuni ya Steam. Mwaka 2022 walianza kuuza Steam Deck, mashine ya gemu yenye chipu ya AMD inayotumia Linux, kwa hiyo mengi wanayoyarekebisha kwa ajili ya wateja wao yanaingia kwenye Mesa ileile unayoitumia wewe. Kadi kama RX 580 ilitoka mwaka 2017, na mpaka leo unaichomeka kwenye mfumo mpya kabisa bila kumwomba mtu ruhusa.

Lakini usije ukaondoka ukisema dada amesema AMD, basi imekwisha. Ukoo mzuri nao una masharti yake. Draiva ikiwa ndani ya kerneli, kadi mpya inataka kerneli mpya. Debian 12 ya mwaka 2023 ilikuja na kerneli 6.1, sasa ukiichomekea RX 9070 iliyotoka Machi 2025 unategemea nini? Haijui. Haijawahi kuisikia. Utapata picha ya kukosakosa au hutapata kitu, kisha utaniambia kadi ni mbovu. Wewe unayependa mfumo uliotulia, chukua kadi iliyokwishatulia pia. Wewe unayetaka kadi ya mwaka huu, kubali kutumia Fedora au Ubuntu ya karibuni. Na kwa wanaochomeka kompyuta kwenye TV kubwa za 4K: mwaka 2024 wenye kiwango cha HDMI waliikatalia AMD kuweka HDMI 2.1 kwenye draiva yake huria, kwa hiyo ukitaka 4K kwa hezi 120 tumia tundu la DisplayPort, na uhakikishe skrini yako inalo.

Sharti la pili la AMD linawahusu wenye Blender, na hapa nawasihi msinipite haraka. Blender 3.0 ya Desemba 2021 iliacha kutumia OpenCL, njia iliyokuwa ikizipa kadi za AMD kazi ya kurenda, kwenye injini yake ya Cycles. Tangu hapo RX 580 mnayoisifia kwa bei nafuu haimsaidii mrendaji wa Cycles hata kidogo; kazi yote inarudi kwenye prosesa. Kijana anajinyima miezi, ananunua, anabonyeza kitufe cha kurenda, na mashine inachukua muda uleule wa jana. Inauma, mdogo wangu. Na ilizuilika kwa swali moja tu, na kuuliza si ujinga.

Sasa Nvidia. Sitaitukana, maana nguvu inazo, na ukisema unataka kujifunza akili unde au kurenda kwa uzito, CUDA yake ndiyo programu nyingi zimejengewa. Hata Blender kwa Cycles inakwenda vizuri sana humo. Shida yake ya miaka mingi imekuwa kufunga mlango. Draiva yao ilikuwa siri yao, watu wa kerneli hawaruhusiwi kuiona, mpaka Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, akainua kidole cha kati mbele ya kamera akiilenga Nvidia, kwenye mazungumzo ya Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland mwaka 2012. Mei 2022 walifungua kiasi: walitoa hadharani sehemu ya draiva inayokaa kwenye kerneli, lakini kwa kadi za kizazi cha Turing na kuendelea. Hiyo Turing ikae kichwani mwako, kwa sababu ndiyo mpaka baina ya waliobebwa na walioachwa njiani. Turing ni GTX 1650 na ndugu zake wa 16, na RTX za 20. Zilizo juu ya hapo zimo. Zilizo chini yake, hapo ndipo ninapotaka uangalie kwa macho mawili.

Nyingi za GTX 600 na 700, zile za kizazi cha Kepler, zimeishia draiva namba 470. GTX 900 na GTX 10, pamoja na 1050 Ti na 1060 mnazozikuta kila duka la kadi zilizotumika, zimeishia namba 580. Kuanzia 590 hazimo tena. Kwa mtu wa Windows hilo halimnyimi usingizi leo wala kesho. Kwako wewe ni jambo zito, kwa sababu draiva ile ya nje inajengwa upya kila kerneli inapobadilika. Itafika siku kerneli mpya itaikataa draiva ya zamani, na siku hiyo haikupigii hodi. Unafanya apdeti usiku, unalala, asubuhi una kazi ya mteja, skrini giza.

Utaniambia, lakini dada, si kuna nouveau, ile draiva huria ya kadi za Nvidia? Ipo, nami nawaheshimu sana walioiandika, maana walianza kuzifumbua kadi za watu bila kupewa hata ukurasa mmoja wa maelezo. Ila kuanzia GTX 900 Nvidia iliweka kufuli kwenye programu ya ndani ya kadi, na bila saini yao nouveau haiwezi kuipandisha kasi. Kadi inawaka, picha unaiona, lakini inabaki kwenye mwendo wa chini iliouamkia. Umelipia gari la kasi ukafungiwa gia ya kwanza. Kufuli hiyo inazihusu 1050 Ti na 1060 vilevile. Kwa hiyo ukitaka Nvidia, anzia GTX 1650 kwenda juu. Anayekuuzia 1060 kwa bei ya kutupa, jiulize moyoni mwako kwa nini anaitupa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na ukishainunua, tafadhali, usiende kwenye tovuti ya kampuni ukapakua lile faili la kujisakinishia mwenyewe kama mtu wa Windows. Sijui nimelisema hili mara ngapi na bado mnalifanya. Ubuntu ina sehemu yake ya draiva za ziada, Mint ina meneja wake wa draiva. Fungua, chagua iliyopendekezwa, subiri. Kama Secure Boot imewashwa, Ubuntu itakuomba nywila wakati wa kusakinisha. Usiipuuze. Ukiwasha upya utakutana na skrini ya bluu yenye maandishi machache, na inakungoja kwa sekunde chache tu. Wengi mnaogopa, mnabonyeza chochote ipite, na draiva inabaki nje ya mlango bila nyinyi kujua. Chagua Enroll MOK, andika nywila ileile, endelea. Hakuna ubaya wowote pale, ni mlinzi anataka kumjua mgeni.

Intel nao wana kadi zao siku hizi, za Arc, na sizidharau. Kuanzia kerneli 6.2 zile za kwanza zinawaka zenyewe, na kwa kuhariri video ni nzuri mno kwa bei yake. Lakini zinataka madabodi yenye Resizable BAR, bila hiyo zinashuka nguvu vibaya. Kama mashine yako ni ya mwaka 2014, achana nazo.

Tukifika kwenye mashine ya zamani ndipo ninapokuwa mkali. Wengi wenu mna kompyuta za mezani zilizotumika maofisini ng'ambo, OptiPlex, EliteDesk, ThinkCentre, mmezinunua Kariakoo au Luthuli kwa bei ya kueleweka. Mashine imara, nazipenda. Lakini fungua kasha kabla hujanunua kadi, usikisie. Angalia kibandiko cha pawa saplai, soma wati. Nyingi za umbo jembamba hazifiki wati 300, na hazina hata waya mmoja wa kulisha kadi. Maana yake kadi italishwa na sloti peke yake, na sloti hutoa wati 75 basi. RX 580 inataka wati 185. RX 6600 inataka 132. Hesabu hiyo haihitaji fundi. Halafu pima urefu: kasha jembamba linataka kadi fupi yenye bamba fupi, ukiweka nyingine kasha halitafungika. Nimeona watu wakikata kasha kwa msumeno, mdogo wangu, kwa sababu walinunua kwanza wakapima baadaye.

Kuna fundi atakayekwambia usijali, tunaunga waya wa diski, ule wa SATA, tunauwekea adapta ya pini nane. Mkatalie, tena kwa adabu lakini umkatalie. Waya ule umepimwa kwa takribani wati 54, na pini nane zinaruhusu kadi kuvuta mpaka 150. Plastiki inayeyuka. Nyumbani kuna watoto, kuna godoro, kuna mapazia. Rahisi yaweza kuwa ghali kuliko unavyodhani.

Kwa kasha jembamba, mimi ningekutafutia RX 6400 yenye bamba fupi. Inakula wati 53, haitaki waya, na ukoo wake ni ule ule wa AMD. Ina kasoro mbili za kukwambia mapema. Inapitia njia nne tu za sloti, kwa hiyo kwenye mashine za kizazi cha nyuma inapoteza kiasi cha kasi yake. Na haina sehemu ya kusimba video, kwa hiyo wewe unayerekodi masomo kutoka kwenye skrini au unayerusha gemu mubashara, hii si yako. Tafuta GTX 1650 fupi isiyo na pini, uvumilie masharti ya Nvidia. Kwa kasha kubwa lenye pawa saplai ya kuaminika, RX 6600 yenye GB 8 ndiyo ningemnunulia mdogo wangu wa tumbo moja.

Tumalizie dukani, maana huko ndiko mnakoingizwa mjini. Kuna kadi za zamani sana za Nvidia zilizoandikiwa programu mpya ndani ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Kibandiko kipya, boksi jipya, kila kitu kinang'aa. Angalia nyuma: kizazi cha GTX 10 hakitoi VGA, kwa hiyo 1050 Ti yenye lile tundu la buluu la VGA itilie shaka palepale. Nyingine ni RX 580 yenye maandishi 2048SP. Si feki, lakini si 580 kamili. Ile yenyewe ina viini 2304, hii imepunguziwa mpaka sawa na 570, na wewe unalipishwa bei ya kaka yake. Halafu kuna zilizotumika kuchimbia sarafu za kidijitali. Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, kadi nyingi zilimwagwa sokoni. Kadi ya mgodini si lazima iwe imekufa, ila sikiliza feni, angalia kama imefunguliwa, na mwulize muuzaji kama ataipokea ukiirudisha.

Silaha yako ni fleshi yenye Ubuntu. Nenda nayo dukani, omba mashine, iwashe kupitia fleshi hiyo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza mfumo, usome jina la grafiki. Ukiona neno llvmpipe, kadi haifanyi kazi, ni prosesa inachora yenyewe. Kisha fungua teminali, andika sudo dmesg, utafute mstari wa nouveau. Nouveau haiulizi kibandiko, inaisoma chipu yenyewe. Ya kweli ya 1050 Ti itakwambia GP107. Ukikuta GF116, funga mashine, mshukuru mwenye duka, ondoka. Usigombane. Muuzaji akikataa kabisa usijaribu, jibu umeshalipata.

Na wewe uliyekwisha kununua 1060 wiki iliyopita, ambaye umesoma mpaka hapa moyo unadunda, tulia. Hukutupa hela. Weka Ubuntu 24.04 au Mint 22, zinahudumiwa mpaka 2029, weka draiva ya 580, na ile hamu ya kurukia mfumo mpya kila unapotoka uiache. Kerneli ya zamani usiifute baada ya apdeti. Asubuhi skrini ikigoma, washa upya huku unabonyeza Esc mpaka orodha ya GRUB itokee, ingia Advanced options, chagua kerneli ya jana, utaingia kama kawaida na umalize kazi ya mteja. Kisha niandikie jina la kadi, toleo la kerneli na namba ya draiva. Usiniandikie tu "dada, haiwaki."